Kabla ziwa halijafungwa: Septemba hadi Novemba katika vijiji vya Ziwa Moero

Lubumbashi. Watoto wetu hujifunza shuleni, kwa Kifaransa, kwamba mwaka una majira manne, na kwamba katika Septemba, Oktoba na Novemba majani ya miti hugeuka rangi na kuanguka. Wanaandika hivyo katika daftari, kisha wanatoka nje na kuona mambo mengine. Hapa Haut-Katanga majani mengi ya pori la miombo huanguka mapema, wakati wa ukavu mkali. Ifikapo Septemba, hata kabla tone moja la mvua halijagusa udongo, miti ile hutoa majani mapya, na mengi ya majani hayo ni mekundu kama shaba. Hupita siku nyingi kabla hayajawa ya kijani. Rangi ambayo huko Ulaya ni dalili kwamba jani linakufa, kwetu ni dalili kwamba jani limezaliwa.

Tunaanza na jambo hili dogo kwa sababu miezi hii mitatu haieleweki vizuri hata na sisi tunaokaa mjini. Tunajua kwamba Oktoba ni mwezi wa joto na vumbi, kwamba maembe yanakaribia, kwamba makala yanapanda bei mvua zinapoanza. Lakini kwa ndugu zetu wa vijiji vidogo kando ya Ziwa Moero, miezi hii ndiyo inayoamua namna watoto watakavyokula Januari na Februari. Tumeona vema tuwaeleze wapendwa wa makusanyiko ya Mashariki, ninyi wa Bukavu, Goma, Uvira, Kalemie na Kindu, maana wengi wenu pia mnaishi na maji mlangoni.

Ziwa lenyewe

Moero, ambalo ndugu wa Zambia huliita Mweru, liko kati ya nchi yao na yetu. Lina eneo la kama kilometa za mraba 5,120. Upande wa kusini halina kina kirefu, upande wa kaskazini kina kinaongezeka. Mto Luapula unaingia kutoka kusini, ukileta maji ya mabwawa ya Bangweulu huko Zambia. Kwenye Pweto, upande wa kaskazini, maji yanatoka kwa jina jingine, Luvua, na kuteremka hadi Ankoro, ambapo yanaungana na Lualaba.

Hapa kuna jambo la kutufurahisha. Maji ya Kivu yanateremka kwa Ruzizi hadi Tanganyika, ya Tanganyika yanatoka Kalemie kwa mto Lukuga, na Lukuga nao unaingia katika Lualaba. Kwa hiyo maji ya Bukavu na ya Kilwa, ya Uvira na ya Pweto, yanakutana katika mto mmoja na kupita pamoja mbele ya Kindu na Kisangani. Mkristo wa Kindu anayechota maji asubuhi anachota sehemu ya maziwa yetu yote.

Kutoka Lubumbashi mtu hufuata barabara ya Kasomeno. Hapo njia zinagawanyika, moja kwenda Kasenga kwenye Luapula, nyingine kuendelea kaskazini hadi Kilwa na Pweto. Kilwa ni kama kilometa 350 kutoka hapa. Wakati wa ukavu lori hufika. Mvua zikishika, barabara hiyo inakuwa tope, na lori linaweza kulala njiani siku nyingi na mzigo wake.

Injili ilifika huko mapema. Livingstone aliliona ziwa hilo Novemba 1867. Baadaye Fred Arnot alifika Bunkeya kwa mfalme Msiri mwaka 1886, na Dan Crawford akamfuata. Msiri alipouawa Desemba 1891 na mji wake kutawanyika, Crawford alielekea ziwani, na watu wengi waliokosa pa kukimbilia walikusanyika kwake. Ndiyo sababu walimpa jina Konga Vantu, yaani mkusanyaji wa watu. Alikaa Luanza, ufukoni mwa Moero, hadi kufa kwake mwaka 1926. Tunalikumbuka jina hilo, maana mwishoni mwa maneno yetu tutarudi kwenye kazi ya kukusanya.

Maji hayafuati mvua

Mgeni anayefika Moero Novemba, mvua zinaponyesha, hushangaa kuona ziwa linazidi kupungua. Anadhani mvua ikinyesha ziwa lazima lijae. Sivyo. Kwa wastani maji ya Moero hupanda na kushuka kama meta 1.7 kwa mwaka, na yanakuwa juu kabisa karibu na Mei, chini kabisa karibu na Januari.

Sababu ni mabwawa. Mvua inayonyesha kule juu, upande wa Bangweulu, haikimbii moja kwa moja hadi ziwani. Inaingia kwanza katika mabwawa makubwa na nyasi, yanakunywa kama sifongo, kisha yanaachilia maji polepole. Mabwawa ya Luapula yenyewe, karibu na mdomo wa ziwa, yanafanya vilevile. Kwa hiyo mvua ya Desemba inaonekana ziwani baada ya miezi mingi.

Jambo hili si la walimu wa jeografia tu. Linaeleza njaa. Tazameni mambo yanayokutana Januari: ziwa liko chini kabisa. Mahindi ya shamba bado ni mabichi, hayajafika kuliwa. Mihogo ya kavu iliyowekwa imekwisha au imeota ukungu. Barabara imekatika, kwa hiyo unga wa kutoka mjini unafika kwa bei kubwa au haufiki. Mbu wamezaliwa kwa wingi na malaria inaongezeka. Maji machafu yanatiririka kutoka vichakani hadi mahali pa kuchota, na kipindupindu, ambacho kinajulikana sana katika kanda za Kilwa, Pweto na Kasenga, kinaamka. Na juu ya hayo yote, uvuvi umefungwa.

Kila moja ya shida hizi peke yake inaweza kuvumiliwa. Zikija pamoja katika nyumba moja, zinavunja. Ndiyo maana wazee wa ziwa husema kwamba Januari hailiwi Januari, inaliwa kutoka katika yale uliyoweka Oktoba.

Siku ya Oktoba ufukoni

Basi Oktoba inaonekanaje? Upepo mkali wa kusini-mashariki, ule unaofanya mawimbi kuwa hatari kwa mitumbwi Juni hadi Agosti, umepungua. Jua ni kali. Mchanga wa ufuko umekuwa mpana kwa sababu maji yamerudi nyuma, na juu ya mchanga huo ndipo uchumi wote wa kijiji unapoanikwa.

Samaki wa miezi hii ni chisense. Ni wadogo kama kidole, na ni wa jamaa moja na wale ambao Uvira huwaita ndagala na Bukavu na Goma huwaita sambaza. Wanavuliwa usiku, wakati hakuna mwezi. Wavuvi wanakwenda na taa, zamani za mafuta, siku hizi nyingi ni za betri. Mwanga unavuta vijidudu vidogo vya majini, vijidudu vinavuta chisense, na wavu unawainua. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga umetawanyika kila mahali na taa haina nguvu. Siku hizo mitumbwi inapumzika, nyavu zinashonwa, madeni yanahesabiwa. Kwa hiyo mvuvi ana kalenda mbili, ile ya ukutani na ile ya mbinguni, na anayemkopesha anajua asidai wakati wa mwezi mpevu.

Alfajiri mitumbwi inarudi, na hapo kazi inapita mikononi mwa akina mama. Chisense wanatandazwa juu ya mchanga au juu ya nyasi, wanageuzwa, wanalindwa na kuku, mbwa na watoto. Jua la Oktoba likiwaka vizuri, samaki wa asubuhi wanakauka kabla ya jioni. Hapo wanaingia katika magunia, na wafanyabiashara wa Lubumbashi na Likasi wanangoja na vipimo vyao. Baada ya siku chache samaki hao wako katika soko la Kenya hapa mjini, karibu na sombe na mafuta ya ngazi, na mama anayenunua kipimo kimoja kwa ajili ya bukari ya watoto hajui ni mikono mingapi iliyowageuza juani.

Lakini mvua moja ya ghafla inaweza kuharibu mzigo wa siku nzima. Samaki waliolowa wakiwa nusu kavu wanaoza, au wanauzwa kwa bei ya kuku. Mvua za kwanza huanguka kwa kawaida mwishoni mwa Oktoba, na Novemba zinashika. Ndiyo maana katika Septemba na Oktoba kila siku ya jua ni kama fedha mkononi.

Wakati huohuo shamba linaita. Udongo lazima utayarishwe kabla mvua haijaanza, maana mahindi yaliyochelewa kupandwa huzaa kidogo. Mihogo michungu inang'olewa, inalowekwa majini siku kadhaa ili sumu itoke, inaanikwa, inatwangwa. Na shule imefunguliwa mwanzoni mwa Septemba. Tangu 2019 shule za msingi za serikali ni bure kwa sheria, lakini daftari, nguo na viatu si bure, na mtoto wa sekondari bado analipiwa. Baba anavua usiku, mama anaanika mchana, wote wawili wanalima alasiri, na fedha inayopatikana ina wenyewe tayari kabla haijafika nyumbani.

Hapo ndipo akiba inaposhindwa. Si kwamba watu wa ziwa ni wavivu au hawajui kesho, kama wengine wetu wa mjini tunavyosema kwa urahisi. Ni kwamba miezi ya kupata ndiyo pia miezi ya kulipa. Septemba inadai shule, Oktoba inadai mbegu na majembe, Novemba inadai dawa na dari la kuziba kabla mvua haijaingia ndani. Desemba inafika na mikono mitupu.

Kwa nini ziwa linafungwa

Upande wa Zambia uvuvi hufungwa tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, na upande wetu wakuu wa jimbo hutoa matangazo yao ya kufunga. Samaki hawajui mpaka. Wakivuliwa upande mmoja, wanapungua pande zote mbili, na ndiyo sababu nchi hizi mbili zinahitaji kwenda pamoja.

Sababu ya kufunga ni uzazi. Maji ya kwanza ya mvua yanapofunika nyasi za kando, samaki wengi, kama kambale, huingia huko kutaga. Wengine hupanda mito kwa makundi. Na samaki mwenye sifa kuliko wote katika Moero, yule tunayemwita pale, ana namna yake ambayo inastahili kuelezwa.

Dume la pale huchimba kiota kwenye mchanga, mahali pasipo na kina. Jike huja na kutaga, kisha huyachukua mayai yote kinywani mwake. Anayatunza humo mpaka yanaangua, na hata watoto wakiisha kuogelea, hukimbilia kinywa cha mama wanapoona hatari. Katika siku hizo mama hali vizuri, anakonda, anakaa karibu na ufuko kwenye maji ya joto. Mvuvi anayepitisha wavu ufukoni wakati huo hapati samaki mmoja. Anapata samaki mmoja mkondefu na kuangamiza mamia ambao hakuwaona, maana mama akishikwa huwatema watoto wake, nao wanabaki chakula cha samaki wengine.

Tulipolisikia jambo hili, wengi wetu tulikumbuka sheria fupi katika Kumbukumbu la Torati 22:6-7, ambayo mara chache huhubiriwa. Mtu akikuta kiota cha ndege njiani, na mama amelalia makinda au mayai, asimchukue mama pamoja na watoto. Amwache mama aende zake. Na ahadi iliyofungwa na sheria hiyo ndogo ni ileile ya kuwaheshimu baba na mama, yaani heri na maisha marefu. Mungu hakuwakataza watu kula. Aliwakataza kula chanzo cha chakula.

Somo la mpumbu

Je, ni kweli samaki wanaweza kwisha? Watu wengi wanasema ziwa ni la Mungu, haliwezi kwisha. Historia ya Luapula inajibu.

Baada ya reli kufika Élisabethville mwaka 1910, mji huu wa migodi ulihitaji chakula kwa maelfu ya wafanyakazi. Wafanyabiashara, wengi wao Wagiriki, walikaa Kasenga, wakaleta mashua na barafu, na samaki wa Luapula na Moero wakawa mboga ya wafanyakazi wa shaba. Samaki mkubwa wa biashara hiyo alikuwa mpumbu, ambaye kila mwaka, mvua zinapojaza mto, alipanda Luapula kwa makundi makubwa kwenda kutaga. Ilikuwa rahisi kumvua wakati huo, akiwa amejaa mayai. Nyavu ziliwekwa njiani mwake mwaka baada ya mwaka. Katika miaka ya 1940 makundi yale yalianguka, na hayakurudi tena kama zamani.

Baada ya mpumbu watu walitegemea pale. Pale alipopungua, watu waligeukia chisense. Tazameni namna tulivyoshuka, kutoka samaki mkubwa hadi wa kati, kutoka wa kati hadi wa kidole. Na sasa wako wanaotumia vyandarua vya mbu kuvua, ambavyo havimwachi hata mtoto wa samaki aliyezaliwa jana. Chandarua hicho kilitolewa ili kimfunike mtoto wa binadamu usiku. Kikipelekwa majini, kinapoteza watoto wa aina mbili: wa samaki ziwani, na wa nyumbani anayelala bila kinga katika miezi ambayo malaria ni kali.

Swali tuliloulizwa

Tulipokaa na wakristo wa kijiji kimoja cha ziwa baada ya ibada, tulizungumza mambo haya yote, na watu walikubali kwa vichwa. Kisha baba mmoja, mwenye mtumbwi mmoja na watoto wengi, alisimama na kutuuliza bila hasira: je, ni dhambi kutega wavu Januari wakati watoto wanalala njaa?

Kimya kiliingia. Tulikuwa na jibu la haraka mdomoni, kwamba sheria ni sheria. Tunashukuru kwamba hatukulitoa. Wengine walianza kusema yao. Mmoja alilalamika kwamba mwenye nyavu nyingi hujua namna ya kupita, na anayekamatwa ni mwenye wavu mmoja uliotoboka. Mama mmoja alisema kwamba anayeheshimu kufungwa kwa ziwa huona jirani yake asiyeheshimu akila, na watoto wake mwenyewe wanamuuliza kwa nini. Mzee mmoja, mvuvi wa tangu ujana, alisema kwamba yeye anakumbuka pale wa upana wa sahani, na wajukuu wake hawaamini akiwasimulia.

Tumekaa na swali hilo tangu siku ile, na leo tunajibu hivi, kwa unyenyekevu.

Kwanza, kufungwa kwa ziwa ni kwa ajili ya maskini kuliko kwa ajili ya tajiri. Mwenye mtaji, samaki wakiisha, atahamia biashara nyingine. Mwenye mtumbwi mmoja hana pa kuhamia. Anayevunja kiota Januari anawaibia watoto wake wenyewe, wale wale anaotaka kuwalisha, maana Septemba ijayo wavu utarudi mtupu. Jambo hili lazima lisemwe wazi hata kama ni gumu.

Pili, mtu aliyeshiba hana ruhusa ya kumwambia mwenye njaa angoje, kisha akafunga mlango wa ghala lake. Mtume Yakobo, katika sura ya 2, anawataja watu wanaomwaga ndugu asiye na chakula kwa maneno mazuri na bila kumpa kitu, na anauliza faida yake ni nini. Kanisa likihubiri Desemba kwamba ziwa liheshimiwe, na Januari halina hata debe moja la unga kwa familia za wavuvi, kanisa hilo limefanya kosa lake pia. Dhambi ya Januari inaanza kutengenezwa Oktoba, na wanaoitengeneza ni wengi kuliko yule mwenye wavu.

Samaki wa Bonane

Na hapa lazima tujitazame sisi wa Lubumbashi. Noeli na Bonane bila samaki wazuri mezani, wengi wetu tunaona sikukuu haikukamilika. Tunakwenda sokoni siku za mwisho za Desemba, tunatafuta pale wabichi, wakubwa, na tunalipa bei yoyote. Hatuulizi wamevuliwa lini. Tarehe iko wazi: ziwa limefungwa. Samaki mbichi wa mtoni au ziwani anayefika mezani kwetu siku hizo, mara nyingi amechukuliwa kiotani.

Bei hiyo kubwa tunayolipa ndiyo inayompa yule baba jaribu ambalo hawezi kulishinda. Usiku mmoja wa Desemba unaweza kumpa kuliko usiku mwingi wa Oktoba. Sisi ndio tunaoshika ncha ya pili ya wavu, ingawa hatujawahi kukanyaga mtumbwi. Tulipolitambua hilo, hatukuweza tena kuwanyooshea kidole watu wa ziwa.

Yanayowezekana kufanywa

Hatuna fedha nyingi, wala hatuandiki kama wataalamu. Lakini katika mazungumzo yetu na wachungaji, wazee na akina mama wa ziwa, mambo kadhaa yalionekana kuwa ndani ya uwezo wa kanisa dogo.

La kwanza ni kuhamisha wakati wa kukusanya. Makanisa mengi yetu hutoa sadaka ya mavuno baada ya mahindi kuvunwa. Vema. Lakini kijiji cha ziwa kina mavuno ya pili, ya chisense, Septemba na Oktoba. Kila nyumba ikileta kibakuli kimoja cha samaki kavu au cha mihogo kavu kila juma katika miezi hiyo miwili, vitu hivyo viwekwe mahali pakavu, juu ya jukwaa, kwa hesabu iliyoandikwa na watu watatu, na visifunguliwe kabla ya Januari. Yusufu huko Misri hakungoja njaa ifike ndipo ajenge ghala.

La pili ni likelemba. Akina mama wengi wanayo tayari, lakini nyingi hufungwa na kugawanywa kwa ajili ya Noeli, na fedha inaishia kwenye nguo za sikukuu. Kundi likikubaliana kugawa katikati ya Januari, fedha ileile inanunua unga wakati unahitajika.

La tatu ni kukausha vizuri. Samaki wanaoanikwa juu ya vichanja vya miti na nyavu kuukuu, badala ya kulala mchangani, wanapitiwa na hewa chini na juu, wanakauka haraka, hawana mchanga, wanauzwa kwa bei nzuri, na mvua ikija wanafunikwa kwa dakika chache. Vijana wa kanisa wanaweza kujenga vichanja kwa siku moja.

La nne ni vyandarua. Wazee wa kanisa watembelee nyumba mwezi wa Novemba, kama wanavyotembelea kwa maombi, na waulize kwa upole: chandarua kiko wapi? Wakikikuta kitandani, washukuru. Wakikikuta mtumbwini, waongee na mwenye nyumba kabla hawajamhukumu, maana huenda wavu wake ulipasuka na hana franka za kununua mwingine.

La tano ni maji. Kabla mvua hazijashika, kijiji kichimbe vyoo mbali na ufuko, na kila nyumba ijizoeze kuchemsha maji ya kunywa au kutia dawa. Kipindupindu kikianza, mgonjwa apewe maji yenye chumvi na sukari mara moja akiwa njiani kupelekwa kituo cha afya, na asifichwe kwa aibu.

La sita ni letu sisi wa mjini. Desemba hadi Februari tuache kununua pale wabichi. Kuna chisense kavu wa Oktoba, kuna kuku, kuna maharagwe, kuna samaki wa barafu wanaotoka baharini. Fedha ya samaki wa Bonane tuipeleke mapema, Oktoba, tununue chisense kavu kwa bei ya haki kutoka kwa akina mama wa makanisa ya ziwa. Hiyo haitakuwa msaada wa kumdhalilisha mtu. Ni biashara, na faida yake inabaki kijijini mwezi ule hasa inapohitajika kuwekwa.

Ninyi wa Kivu na Tanganyika mnayo maziwa yenu, na mnajua mengi ambayo sisi hatujui. Pengine mnapofunga uvuvi mmegundua njia ya kuwalisha watu bila kuwaaibisha. Tuandikieni, tutawasomea ndugu wa Moero.

Tunaomba mtukumbuke katika maombi ya miezi hii: kwa mvua zinazoanza kwa wakati wake, kwa wavuvi wanaotoka usiku bila mwezi na dhoruba za kwanza zikija ghafla, kwa watoto walioanza shule, kwa makanisa madogo ambayo yataanza ghala lao la kwanza na bakuli chache tu. Na mwombeni yule baba aliyetuuliza swali. Mtumbwi wake uko ufukoni, miti nyuma ya nyumba yake imevaa majani mekundu, na Desemba iko karibu.